UZI: Tukisema "Jumuiya imeamua", ni nani hasa ameamua? Hadithi ya mitumba, mchele na saini za marais

Karani wa Mpakani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nina miaka kumi na nne Namanga, kazi yangu uwakala wa forodha. Swali lililonishinda kuliko yote niliulizwa na mama mmoja Julai 2016. Ana belo zake za mitumba, hesabu ameshaipiga nyumbani, anafika anakuta ushuru wa kilo umepanda mara mbili. Akaniuliza, "Mwanangu, hii nani kaiweka?" Nikamjibu Jumuiya. Akasema, "Jumuiya ndiyo nani? Ana ofisi niende?"

Nikamwelekeza Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Baadaye nikajiona mjinga, maana ni sawa na kumtuma mtu akagombane na kipaza sauti kwa sababu hakupenda hotuba ya imamu. Tangu siku hiyo nimekuwa nafuatilia hayo maamuzi yanapita wapi. Naweka hapa nilichokipata, wanaojua zaidi wanisahihishe.

Tuanze na mitumba yenyewe, kwa sababu kila mtu humu amevaa.

Februari 2015, marais walipokutana Nairobi, waliagiza mawaziri waangalie namna ya kukuza viwanda vya nguo na kupunguza nguo kuukuu kutoka nje. Machi 2016 wakakutana Arusha, hapo ndipo ikatoka ile habari iliyojaa magazetini: mitumba iondoke taratibu ndani ya miaka mitatu, viwanda vya nguo na ngozi vipewe nafasi. Watu wakaelewa kwamba mitumba imepigwa marufuku. Haikuwa hivyo. Tamko la marais halina namba ya ushuru ndani yake. Afisa wa forodha hawezi kulisoma halafu akakutoza. Lazima mtu mwingine aligeuze kuwa kiwango.

Wa kuligeuza ni mawaziri. Kila mwaka kabla ya bajeti, mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukaa kikao kimoja, na upande wa biashara kuna Baraza la Kisekta la Biashara, Viwanda, Fedha na Uwekezaji. Wanachokubaliana hutangazwa kwenye Gazeti la Jumuiya, yaani gazeti rasmi la matangazo ya kisheria, mwishoni mwa Juni, na tarehe 1 Julai kompyuta ya forodha inaamka na bei mpya. Ndiyo maana yule mama hakuniuliza Machi marais walipoongea. Aliniuliza Julai.

Mitumba ilikuwa asilimia 35 au senti 20 za dola kwa kilo, kinachozidi ndicho unalipa. Ikapanda senti 20 zikawa 40. Belo ya kilo 45 iliyokuwa ikilipiwa dola 9 kwa uzito ikawa dola 18. Rwanda wao hawakutaka mchezo, wakapanda hadi dola 2.50 kwa kilo. Belo ileile, dola 112 na nusu! Mkuu ukifika Kigali na kontena la tani 25 unadaiwa dola 62,500 wakati jirani yako kwa kiwango cha pamoja anadaiwa 10,000.

Umeona hapo? Forodha moja, tamko moja la marais, bei tatu za ushuru ndani ya mwaka mmoja. Ya tatu inakuja, ngoja nipate chai.

Mzee wa Kaunta

Nimeweka kigoda mbele kabisa. Endelea mkuu.

Wa Gikomba

Hiyo ya tatu ni sisi Wakenya, wacha nikusaidie. 2017 serikali yetu ilirudisha zile senti 40 zikawa 20. Watu wa Gikomba, soko letu la mitumba Nairobi, tulishangilia tukidhani ni kelele zetu zimesikika. Kumbe ni Marekani.

Karani wa Mpakani

@Wa Gikomba umeniwahi, lakini umesema kweli.

Machi 2017 chama cha wauza nguo kuukuu wa Marekani, kifupi chake SMART, kilipeleka malalamiko kwa ofisi ya biashara ya serikali yao. Kilidai hatua ya Jumuiya inatishia ajira 40,000 kule kwao. Wakati huo Marekani ilikuwa na mpango wa AGOA ulioziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwao bila ushuru, na sharti mojawapo lilikuwa kuondoa vizuizi kwa bidhaa za Marekani. Juni 2017 wakaanza kuzichunguza Rwanda, Tanzania na Uganda. Kenya ikaachwa nje ya uchunguzi kwa sababu ilikuwa imesharudi kwenye senti 20. Na Kenya ndiyo iliyokuwa na viwanda vinavyoshona nguo nyingi kwenda Marekani kupitia mpango huo, kwa hiyo ndiyo ingeumia zaidi.

Tanzania na Uganda nazo zikalegeza kabla kisu hakijafika. Rwanda ikasimama pale pale. Tarehe 31 Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kuingia Marekani bila ushuru.

Sasa tafuta kwenye hadithi hii yote ni wapi Jumuiya ilikaa kikao ikasema "tumebadilisha uamuzi wetu wa Machi 2016". Hakuna siku marais walipotangaza kwamba lile tamko limefutwa. Kila nchi ilijitoa kimyakimya kwa mlango wake. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi sera inavyotengenezwa kwetu: mezani Arusha ni nadra mtu kusema hapana. Wote wanasema ndiyo, halafu mmoja mmoja anaomba ruhusa ya kutofanya.

Bi Kidawa wa Mchikichini

Nyie mnaongea dola, mie nakumbuka 2016 belo la sweta lilivyopanda. Wateja walitukasirikia sisi kama tumekula njama. Lakini mwanangu, huko kuomba ruhusa ya kutofanya ni halali? Mie nikiingia mkataba wa kikoba siwezi kusema mwezi huu nipumzisheni.

Karani wa Mpakani

Bi Kidawa shikamoo. Ni halali kabisa, na ina utaratibu wake. Kwa Kiingereza chao wanaiita "stay of application", yaani nchi inaomba ile bei ya pamoja isitumike kwake kwa bidhaa fulani, kwa kawaida mwaka mmoja. Iko pia ndugu yake, msamaha wa ushuru kwa malighafi za kiwanda. Vyote viwili vinapitishwa na mawaziri kwenye vile vikao vya kabla ya bajeti na kuchapishwa kwenye gazeti lilelile.

Ukilifungua gazeti la Juni la mwaka wowote utakuta kurasa kwa kurasa: nchi fulani haitatumia kiwango cha asilimia kadhaa kwenye chuma, itatumia kingine. Nchi fulani kwenye karatasi, nyingine kwenye mafuta ya kula. Kiwango cha pamoja unakijua kwa kusoma kitabu cha ushuru. Kiwango halisi unakijua kwa kusoma gazeti. Wakala anayesoma kitabu peke yake hafiki Desemba kabla hajafukuzwa na wateja.

Kikoba chenu kingekuwa hivyo, mngekutana kila mwezi kuruhusiana kutolipa. Na mngeendelea kuitana wanachama.

Mpunga Mbarali

Hapo kwenye kuomba ruhusa naomba niingize mchele. Sisi wakulima tunaambiwa mchele wa nje unalipa asilimia 75, tulime kwa raha. Halafu nasikia Nairobi mchele wa Pakistan umejaa. Unapitaje?

Karani wa Mpakani

Unapita mlangoni, na risiti unayo. Mchele uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti pamoja na sukari, mahindi, hata khanga na kitenge, ambavyo vina ushuru mkubwa kuliko kawaida. Wa mchele ni 75. Lakini Kenya imekuwa ikiomba na kupewa mwaka hadi mwaka itumie 35 badala ya 75. Hoja yao si ya kipuuzi: wanakula mchele mwingi kuliko wanaolima. Waziri wa Nairobi anamwangalia mlaji, waziri wa Dodoma anakuangalia wewe mkulima. Kwenye meza moja.

Mchele wako wa Mbarali unaingia Kenya bila ushuru ukiwa na cheti cha uasili, kinachoonyesha umelimwa ndani ya Jumuiya. Tofauti ni kwamba ulipangiwa kushindana na mchele uliobebeshwa 75, ukakuta mwenzako amebebeshwa 35.

Mei 2022 mawaziri walikaa Mombasa wakakubaliana kuongeza daraja la nne la ushuru. Toka 2005 tulikuwa na madaraja matatu: malighafi sifuri, bidhaa nusu kiwanda 10, bidhaa iliyokamilika 25. Wakaongeza la asilimia 35, likaanza Julai mosi 2022, lina nguo, samani, maziwa, nyama, maua, na vinginevyo. Mazungumzo yalichukua miaka, watu wakiwa hawaafikiani iwe 30 au 35 au zaidi. Mimi nilifurahi nikidhani sasa maombi ya kujitoa yatapungua maana wameshakubaliana upya. Gazeti la Juni iliyofuata nililipima kwa macho tu, unene ni uleule, nikarudi kunywa kahawa.

Wakili Msomi Tarajali

Mwanzisha uzi unaandika vizuri ila unaionea Jumuiya. Umezungumzia mawaziri na marais kana kwamba hakuna Bunge wala Mahakama. Mkataba wa 1999 umeweka vyombo saba: Mkutano wa Wakuu wa Nchi, Baraza la Mawaziri, Kamati ya Uratibu, Kamati za Kisekta, Mahakama, Bunge na Sekretarieti. Na ibara ya 8 inasema sheria ya Jumuiya iko juu ya sheria za nchi kwenye mambo ya utekelezaji wa Mkataba. Sasa unaposema kila mtu anafanya lake, unapotosha.

Karani wa Mpakani

Wakili, karibu. Sijasema havipo. Nasema mwone mswada unavyosafiri.

Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge tisa wa kila nchi. Mimi na wewe hatuwapigii kura, wanachaguliwa na mabunge ya nchi zetu. Wakipitisha mswada, unahitaji saini ya wakuu wa nchi wote. Si wengi wao. Wote. Ibara ya 63 inawapa miezi mitatu. Rais mmoja akizuia saini, mswada unarudi bungeni na maombi yake. Ukipelekwa tena na akazuia tena, umekufa. Kwa hiyo nchi nane, kalamu nane, na kila kalamu ina nguvu ya kuua.

Linganisha na ushuru wa mitumba. Ule haukuhitaji kura ya mbunge hata mmoja wa Arusha. Kikao cha mawaziri, gazeti, Julai mosi. Kinachogusa mfuko wa Bi Kidawa kinapita njia fupi, kinachojadiliwa na wawakilishi kinapita njia ndefu yenye mageti manane. Hilo ndilo ninalolisema.

Wakili Msomi Tarajali

Njia ndefu nakubali. Lakini Bunge limewahi kusimama. Nadhani hujasoma kesi ya Mwatela. Mwaka 2005 wabunge watatu, Calist Mwatela, Lydia Wanyoto Mutende na Isaac Sepetu, walilipeleka suala Mahakamani kwa sababu Baraza la Mawaziri lilitaka kuchukua mikononi mwake miswada iliyopelekwa na wabunge binafsi. Mmoja wa miswada hiyo ulihusu majadiliano ya biashara ya Jumuiya na nje. Mahakama ikasema 2006: mawaziri hawana mamlaka ya kuondoa bungeni mswada ambao si wao walioupeleka, mbunge ana haki ya kuleta mswada wake. Hukumu hiyo iliweka mpaka kati ya Baraza na Bunge mpaka leo.

Na Mahakama yetu ina kitu ambacho mahakama nyingi za kikanda hazina. Wewe Karani, raia mkazi, unaweza kuishitaki serikali pale Arusha moja kwa moja bila kuanza na mahakama za nyumbani. Barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti ilizuiwa na Mahakama hiyo mwaka 2014, na aliyefungua kesi lilikuwa shirika la kiraia.

Karani wa Mpakani

Hiyo ya Mwatela sikuijua, nashukuru sana, nimeihifadhi. Lakini simulia na iliyofuata, usikatize utamu.

Wakili Msomi Tarajali

Haha. Iliyofuata ni ya 2006, Kenya. Wabunge wao tisa hawakupigiwa kura na Bunge zima, majina yalipitishwa na kamati. Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakamani, Mahakama ikazuia wale tisa wasiapishwe kwanza. Serikali zikakasirika. Ndani ya miezi michache Mkataba ukarekebishwa: Mahakama ikagawanywa ngazi mbili, sababu za kumwondoa jaji zikaongezwa, na ukawekwa ukomo wa miezi miwili kufungua kesi. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kikapinga mabadiliko hayo, Mahakama ikakubali kwamba wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa na Mkataba, ila haikuyafuta.

Miezi miwili tu, kuanzia kitendo kilipofanyika au ulipokijua. Karani, mwambie yule mama wa belo.

Karani wa Mpakani

Miezi miwili mwaka 2016 alikuwa bado anatafuta nani wa kumlaumu.

Mzee wa Kaunta

Huu uzi unanifundisha kuliko semina tuliyopelekwa tukapewa begi na kalamu.

Temeke Hadi Brussels

Nipo Ubelgiji mwaka wa tisa, nafanya kazi ya usafirishaji, kwa hiyo na mimi ni ndugu wa makaratasi. Niwape picha ya huku mlinganishe, maana watu hupenda kusema Jumuiya imeiga Umoja wa Ulaya.

Huku mwenye haki ya kupeleka pendekezo la sheria, kwa mambo mengi, ni Tume, chombo cha utendaji cha Umoja, peke yake. Pendekezo linaenda kwa Bunge lenye watu 720 waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi, utaratibu ulioanza 1979, na kwa Baraza la mawaziri wa nchi 27. Mawaziri hawahitaji kukubaliana wote. Kwa mambo mengi wanatosha asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu. Usipopenda, unashindwa kura, unaenda kutekeleza huku umenuna. Kodi na mambo ya nje ndiyo bado wanataka wote, na hapo ndipo mambo hukwama kama kwenu.

Lakini kwangu mimi tofauti kubwa ni hela. Mchele ukishushwa bandari ya Rotterdam ukalipiwa ushuru, Uholanzi inabaki na asilimia 25 kama gharama ya kukusanya, 75 inakwenda kwenye bajeti ya Umoja. Nchi haiwezi kuamka ikasema mwaka huu mimi nitatoza nusu, maana si hela yake.

Karani wa Mpakani

Mkuu wa Temeke umeweka kidole penyewe. Kwetu ushuru unaishia hazina ya nchi bidhaa inakokwenda. Jumuiya inaishi kwa michango ya wanachama, na Mkataba ulitaka michango sawa kwa sawa. Burundi na Kenya sahani moja. Michango ikichelewa, vikao vya Bunge vinaahirishwa, watumishi wanasubiri mishahara. Mtu ambaye mshahara wake unategemea umtumie barua ya kumkumbusha, utamwambia nini akikuomba asitumie ushuru wa pamoja? Sekretarieti inaandaa karatasi, inaita kikao, inaandika kumbukumbu. Kumwamuru waziri, haina ubavu huo.

Na kikao chenyewe kinategemea nani kaja. Novemba 2018 marais walifika Arusha, Burundi haikuja, akidi haikutimia, wakarudi nyumbani. Mkutano ukafanyika Februari mosi 2019. Kiti kimoja kitupu, nchi nyingine tano zikakunja mafaili.

Mtoto wa Bukavu

Ndugu zangu, sisi Kongo tumeingia 2022, ni wageni katika nyumba hii, lakini naomba kumpinga kidogo mwenye uzi. Umesema huko mezani ni nadra mtu kusema hapana. Sisi tuliona hapana. Jeshi la Jumuiya lilifika Goma Novemba 2022. Desemba 2023 likaondoka kwa sababu Kinshasa ilikataa kuongeza muda. Huo haukuwa ushuru wa nguo. Na walipoondoka, sisi raia ndio tuliobaki.

Karani wa Mpakani

Pole sana ndugu. Na umenisahihisha kwa haki. Kwenye bidhaa watu wanakubali halafu wanakwepa, kwenye askari nchi inasema hapana mchana kweupe. Nilikuwa naandika nikiwa nimekaa kwenye meza yangu ya ushuru nikadhani Jumuiya nzima inafanana na meza hiyo.

Wa Gikomba

Na ile ya maua nani ataisimulia? Kenya na Ulaya.

Wacha niseme mimi, maana binamu yangu alikuwa Naivasha, kwenye mashamba ya maua. Mkataba wa biashara na Ulaya ulipaswa kusainiwa na Jumuiya nzima kama kitu kimoja. Wenzetu hawakuwa na haraka kwa sababu wao wanahesabiwa nchi maskini zaidi, wanauza Ulaya bila ushuru hata pasipo mkataba. Kenya peke yake haimo kundi hilo. Oktoba 2014 muda ukaisha, maua yetu yakatozwa ushuru Ulaya karibu miezi mitatu. Septemba 2016 Kenya na Rwanda wakasaini. Novemba mwaka huo Bunge la Tanzania likashauri serikali isisaini, hoja ikiwa viwanda vichanga vitamezwa. Uganda ikasubiri wengine. Tukakaa hivyo hadi Februari 2021, marais wakasema anayetaka atangulie. Kenya ikasaini peke yake Desemba 2023, ukaanza kutumika Julai 2024.

Kwa hiyo ninyi mnatuona wasaliti wa mchele, sisi tulisubiri miaka saba na ua mkononi.

Mpunga Mbarali

Ua halishibishi lakini nimekuelewa.

Karani wa Mpakani

Imesimuliwa vizuri. Hiyo "anayetaka atangulie" ina kifungu chake kwenye Mkataba, ibara ya 7, kwamba nchi zinaweza kwenda kwa kasi tofauti. Mawaziri walishawahi kuiuliza Mahakama kama hilo halipingani na kuamua kwa maafikiano. Mahakama ikajibu vinaweza kukaa pamoja, na kwamba maafikiano si lazima yawe na maana ya kila mmoja kusema ndiyo. Wakili atanisahihisha. Mimi jibu hilo nalipenda, ila sioni wakilitumia sana. Wanapenda zaidi kusubiriana halafu kuachana.

Wa Gikomba

Sasa na mimi nikuulize, kwani Tanzania inasubiriana? Julai 2025 mlitoa amri ya kuwazuia wasio raia kwenye biashara kumi na tano. Duka la rejareja, saluni, uwakala wa pesa kwa simu, kutengeneza simu. Na uwakala wa forodha umo Karani, kazi yako! Nilikuwa na rafiki Arusha anatengeneza simu. Itifaki ya Soko la Pamoja ya 2010 inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha biashara. Hiyo amri ilipita kikao gani cha Arusha?

Karani wa Mpakani

Haikupita Arusha. Ni amri ya waziri chini ya sheria ya leseni za biashara ya hapa kwetu. Kenya ililalamika, mawaziri wakaanza kuzungumza wao kwa wao. Ukinibana nitakwambia ukweli: mimi wakala ushindani umenipungukia, na bado sioni inavyokaa pamoja na ile itifaki tuliyoisaini wenyewe. Nikiandika humu kwamba Kenya inajitoa kwenye mchele lazima niandike na hili.

Mpakani hapa tumeona ya kila upande. 2017 vifaranga 6,400 kutoka Kenya vilichomwa hapa Namanga kwa hofu ya mafua ya ndege. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni, siku chache baadaye wakayaruhusu kwa masharti. Hakuna kikao cha Arusha kilichotangulia. Kikao huja baadaye, kufuta machozi. Nakumbuka jirani yangu wa kibanda cha chai alisema afadhali foleni ya mahindi, madereva wanakula. Ile ya vifaranga ilimharibia hamu ya kuku mwezi mzima.

Chuma Chakavu

Maneno mengi. Jumuiya ya kwanza ilikufa 1977, hii nayo itakufa, wanasiasa wanakula posho tu.

Temeke Hadi Brussels

@Chuma Chakavu ile ya 1977 ilikuwa na shirika moja la reli, la ndege, la posta na bandari. Ilivunjika wakagombania mali hadi 1984 ndipo wakakubaliana mgawanyo. Hii haina ndege wala reli ya kugombania. Wamegombana mara ngapi tangu 2000 na bado wanakutana? Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa Januari 2022, na katikati hapo wote wawili walibaki wanachama.

Chuma Chakavu

Kubaki mwanachama huku mpaka umefungwa. Umenisaidia hoja.

Bi Kidawa wa Mchikichini

Mmeongea marais, mahakama na Wazungu. Mie nataka kujua hivi: kama nataka senti zangu zisipande tena Julai, nimpelekee nani maneno? Maana Karani ameshasema nisimwendee kipaza sauti.

Karani wa Mpakani

Bi Kidawa, swali lako ndilo lilelile la yule mama, sasa angalau nina jibu.

Usiende Arusha. Nchi inafika Arusha ikiwa na msimamo tayari, na msimamo unapikwa nyumbani. Wizara ya Fedha hukaribisha maoni ya wadau kuhusu kodi miezi mingi kabla ya bajeti. Ukisubiri hotuba ya Juni umechelewa, maana mawaziri wameshakutana na wenzao. Wenye viwanda hupeleka maandiko yenye hesabu kila mwaka, ndiyo sababu gazeti limejaa chuma na karatasi. Wauza mitumba huwa tunawaona kwenye televisheni tarehe 15 Juni wakilia.

Kwa hiyo: umoja wenu wa soko, barua moja, kurasa mbili. Mnaingiza kiasi gani, mnalipa ushuru kiasi gani, watu wangapi wanakula hapo. Kiwango mnachotaka kiandikwe kwa namba, pamoja na namba ya bidhaa kwenye kitabu cha ushuru. Mitumba ni 6309. Bila namba hiyo barua inasomwa kama malalamiko.

Bi Kidawa wa Mchikichini

6309 nimeandika ukutani kwa chaki. Sasa hiyo barua tuandikie wewe, mie nitakulipa sweta la grade one, halijaguswa.

Wa Gikomba

Huku tunaita kamera, Bi Kidawa. Asikupe la fagia, lile la daraja la mwisho, nawe Karani.

Karani wa Mpakani

Saizi XL, rangi isiwe nyeupe, Namanga vumbi. Nitumie hesabu zenu za miaka mitatu kwenye PM.